Mazishi Yasiwe Fimbo

Msiba ukitokea katika parokia nyingi nchini Tanzania, swali la mapema kabisa ni hili: "Marehemu alikuwa jumuiya gani?" Mwili unatoka mochwari saa nne, turubai limeshafungwa, na kijana wa marehemu anapekua sanduku la mama yake akitafuta kadi ya zaka. Isipopatikana, au mwenyekiti wa jumuiya akisema hakumwona marehemu kwenye sala za Jumamosi, jibu linajulikana: misa hakuna, padre haji.

La kusikitisha ni kwamba waumini wengi wanaona hiyo ni haki. "Hakutushiriki, nasi hatumshiriki." Nasema wazi: huo si Ukristo. Huo ni utaratibu wa chama cha kufa na kuzikana, ambako asiyechangia hachangiwi. Chama kina haki ya kuweka masharti hayo. Kanisa halina.

Sheria ya Kanisa Katoliki yenyewe, ile ya mwaka 1983, haiwaungi mkono. Kanuni ya 1184 inawataja wanaonyimwa mazishi: walioasi imani waziwazi, wazushi na waliofarakana na Kanisa, waliochagua kuchomwa maiti kwa kupinga imani, na wadhambi wa wazi ambao kuwazika kungewakwaza waumini. Hata hao, wakionyesha dalili ya toba kabla ya kufa, hawanyimwi. Mwenye deni la zaka hatajwi. Kanuni ya 1181 inaonya kusiwe na upendeleo katika mazishi, wala maskini wasikose maziko yanayostahili.

Wanaotetea utaratibu huu husema tukilegeza, jumuiya zitakufa. Lakini maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipozipa jumuiya ndogo ndogo kipaumbele mwaka 1976, walitaka majirani wasali pamoja, walisome Neno na kusaidiana. Hofu ya kukosa padre kaburini hujaza daftari la mahudhurio tu. Na hao wasioonekana Jumamosi alfajiri ni akina nani? Ni mlinzi anayetoka lindo, dada wa kazi asiyeruhusiwa kutoka, mama anayeuguza mtu ndani. Mtu akikosekana mwezi mzima na asibishiwe hodi hata na mmoja, aliyeacha kushiriki ni jumuiya.

Tena adhabu yenyewe haimfikii anayedaiwa. Marehemu hasikii. Inaowaangukia ni mjane na watoto, siku ambayo hawana nguvu hata ya kujibu.

Msamaria wa barabara ya Yeriko hakumhoji majeruhi kabila wala dini. Alimfunga vidonda, akamlipia dinari mbili, akaahidi kuongeza. Mhalifu aliyesulubiwa kando ya Yesu hakuwa na cha kutoa, akaahidiwa peponi siku ileile. Na Yesu mwenyewe alizikwa katika kaburi la mtu mwingine, Yosefu wa Arimathaya, kwa hisani tupu. Tunawezaje kumhubiri huyo Jumapili, kisha Jumatatu tukamdai maiti risiti?

Maparoko na halmashauri za walei waufute utaratibu huu, na waufute hadharani, watu wasikie. Zaka ihimizwe kwa walio hai, nyumba kwa nyumba, kwa kuwajulia hali kwanza. Mbatizwa akifa, azikwe kwa sala za Kanisa lake, awe alilipa au hakulipa.