Kiswahili Kina Kazi Katika Hakathoni



Kuna dhana iliyoenea hapa shuleni kwamba mambo ya tarakilishi ni ya wale wa hesabu na fizikia, na kwamba sisi wa Chama cha Kiswahili kazi yetu ni mashairi, ngonjera na jarida hili la kila mwaka. Nilipochaguliwa niwe mmoja wa wanafunzi 4 wa kwenda kwenye hakathoni ya siku moja katika chuo kikuu kimoja cha Nairobi, wapo waliouliza, mbona mtu wa isimu jamii anapelekwa kule? Maoni yangu, na ninayatoa bila uoga, ni kwamba mtu wa Kiswahili ndiye aliyekuwa akikosekana katika ukumbi ule. Chama chetu kinafaa kutuma watu kila mwaka.

Kwa wasiojua, hakathoni si mkutano wa wezi wa mitandao kama alivyodhani jirani yetu mmoja. Ni mashindano ambapo vikundi hupewa muda mfupi, aghalabu siku moja au mbili, vitengeneze programu ya kutatua tatizo fulani, kisha viionyeshe mbele ya majaji. Neno lenyewe lilianza kutumika mwaka 1999, waandishi 10 wa programu walipokutana Calgary, Kanada, kufanya kazi pamoja kwenye mfumo uitwao OpenBSD. Hakathoni yetu ilianza saa 2 asubuhi, na kufikia saa 10 jioni tulitakiwa tuwe jukwaani. Ukiondoa hotuba (jamani, hotuba!), chai na chakula cha mchana, mlibaki na kama saa 5 za kazi yenyewe.

Kikundi chetu kilichagua daftari la madeni. Sisi wanafunzi wa kutwa hutumwa dukani kila jioni, kwa hiyo lile daftari twalijua vizuri. Limekunjika pembe, limelowa mafuta, na ndani yake mna majina kama "Mama Brayo 120" na "fundi wa viatu 65". Likipotea, au mteja akisema ati alilipa Jumamosi, basi ni ugomvi. Programu yetu ilikusudiwa kumwezesha mwenye duka kuandika jina, pesa na tarehe kwenye simu, kisha simu imwonyeshe nani amelipa na nani bado.

Sasa, karatasi ya masharti ilisema kila kitu kiwe kwa Kiingereza, yaani maelezo ya jukwaani na hata maandishi ya kwenye skrini. Basi skrini yetu ikawa na Customer, Amount, Balance na Overdue. Ilipendeza machoni. Wakati wa chakula cha mchana tulizungumza na mama mmoja kati ya waliokuwa wakipakua chakula, naye akatuambia kwamba jioni huuza mboga na unga katika kibanda chake. Tukamwomba aijaribu. Akabonyeza hapa na pale bila wasiwasi, akafika kwenye jina moja ambalo chini yake paliandikwa Balance 240. Akatutazama, akauliza:

"Vijana wangu, huyu namdai ama ananidai?"

Ndugu msomaji, tulia hapa kidogo. Mama yule anasoma Kiingereza. Neno lenyewe analijua, na analitumia kila siku. Shida ni kwamba anajua balance zaidi ya moja. Kwenye M-Pesa, hizo ni pesa zako zilizobaki. Ndani ya matatu ni chenji ambayo makanga hajakurudishia, ndiyo maana watu hupiga kelele, "Leta balance yangu!" Kwenye vitabu vya uhasibu huweza kuwa deni lililobaki. Kwa maana ya matatu, zile 240 ni za mteja. Kwa maana ya uhasibu ni za mama. Akiifuata ile ya matatu, atampa shilingi 240 mtu ambaye tayari ana 240 zake, na atakuwa amepoteza shilingi 480 kwa sababu ya neno moja. Kwa mwenye kibanda, huo ni mtaji.

Mwenzetu mmoja alifuta Balance akaandika "Unamdai 240". Mama akacheka, akasema, "Hapo sawa." Hakuuliza tena.

Tazameni neno hilo "unamdai". Lina herufi 7 tu, nalo linasema ni nani anayedai na ni nani anayedaiwa. U- ni wewe mwenye duka, -m- ni yeye mteja. Ukitaka kinyume chake, waandika "anakudai", na hakuna wa kuchanganyikiwa. Nasi tumekuwa tukilalamika darasani kwamba viambishi ni vya kututesa kwenye mtihani wa KCSE! Kwenye skrini ndogo ya simu, ambapo nafasi ni chache, viambishi ni mali.

Msimamizi wetu alikubali kwamba jambo hilo lina maana, lakini akasema masharti ni masharti, na kwamba tafsiri ingefanywa baadaye. Hapo ndipo ninapotofautiana naye, kwa heshima. Hiyo "baadaye" ndiyo ugonjwa wenyewe. Programu ikiisha kuandikwa, mtu fulani hupewa orodha ya maneno ya Kiingereza ayatafsiri bila hata kuiona skrini. Akifika kwenye Balance ataandika "Salio", kama kamusi inavyomwelekeza. Je, mama wa kibanda amesaidika? Salio la nani? Utata umetafsiriwa mzima mzima kutoka lugha moja hadi nyingine.

Kikundi cha jirani kilikuwa na programu ya kuwakumbusha wagonjwa kumeza dawa. Walipanga ukumbusho wa 8:00 am. Hebu mtu aitafsiri baadaye kwa haraka aandike "saa 8". Nyanya yangu atameza dawa saa 8 mchana, saa 6 baada ya wakati wake. Isitoshe kuna ngeli. Kiingereza huongeza s mwishoni mara nyingi na mambo yakaisha, lakini sisi tuna mteja 1, wateja 2, kitabu 1, vitabu 2, na kitenzi nacho hubadilika. Mwandishi wa programu asipoacha nafasi ya mambo hayo tangu mwanzo, humlazimu kubomoa alichojenga.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili tayari kimo katika teknolojia. Si M-Pesa ilianza mwaka 2007? Si Ushahidi ilitengenezwa Januari 2008 ili kukusanya taarifa za ghasia zilizofuata uchaguzi, kwa ujumbe wa simu na kwa intaneti? Ni kweli, na majina hayo yanajulikana mbali. Lakini jina ni la mlangoni tu, mimi nauliza lugha ya ndani. M-Pesa angalau humruhusu mtu kuchagua menyu ya Kiswahili, akapata "Tuma Pesa" na "Toa Pesa". Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nao walitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu za ofisini kwa Kiswahili. Kwa hivyo yawezekana. Tena Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili na Kiingereza zote ni lugha rasmi. Sharti la kukataa Kiswahili kwenye skrini linatoka wapi basi?

Sikatai kwamba amri za kuandikia programu, kama zile za Python, zimetokana na Kiingereza. Hizo mwenye duka hazioni, ziache zikae.

Nasi chamani tusijipige kifua sana. Wapo wenzetu ambao wangepewa kazi ile wangejaza skrini "rununu", "kipakatalishi" na "kitumizi", na mama yule angeuliza maswali mengi kuliko alivyouliza kuhusu balance. Hapa ninaandika tarakilishi kwa kuwa mwalimu mlezi ndiye mhariri, lakini dukani nasema kompyuta. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na neno la dukani alijuaye ni mwenye duka.

Tulikuwa nafasi ya 5 kati ya vikundi 14. Skrini moja ya Kiswahili tuliionyesha kwa majaji mwishoni, na jaji mmoja aliuliza maswali mawili kuihusu, ambayo ni mengi kuliko aliyouliza kuhusu programu yenyewe. Ninaomba mwakani shule ipeleke watu wawili wa chama hiki pamoja na wale wa tarakilishi, na mwalimu mlezi awaandikie waandalizi mapema kuhusu sharti lile la lugha.

Kuna neno moja lilitushinda. Mtu akibonyeza vibaya, kuna kitufe cha kurudi hatua moja nyuma, kwa Kiingereza Undo. Tulijaribu "Rudisha", mama akadhani pesa zinarudishwa kwa mteja. "Futa" ilimtisha, alifikiri deni lote litapotea. "Tengua" hakuielewa kabisa. Saa 10 ilifika kitufe kile kingali kinaitwa Undo. Mkutano wetu ni kila Jumatano baada ya masomo, katika darasa la 3 Magharibi. Mwenye neno alilete.