Televisheni ndiyo iliyomfunza Lumet
Mwandishi, hapo unaposema dairekta Sidney Lumet alipoteza miaka kwenye televisheni kabla ya filamu yake 12 Angry Men (1957), nakataa. Huko CBS, kituo cha Marekani, aliongoza michezo ya kuigiza iliyorushwa moja kwa moja. Mwigizaji akisahau maneno, nchi nzima inaona. Ndiyo maana filamu ile, karibu yote ndani ya chumba kimoja, aliifanyia mazoezi wiki mbili kisha akaishuti kwa takriban siku 20 tu. Ila ile 12 Angry Men ya televisheni ya 1954 si yake, aliiongoza Franklin Schaffner. Mimi nashika kamera kwenye tamthilia hapa Dar. Tunashinda sebule moja kutwa, na tukizichoka kuta tunaanza kuzungusha kamera ovyo. Lumet, kwenye chumba kile kimoja, alibadilisha lenzi na kimo cha kamera kidogokidogo: mwanzo kamera iko juu ya usawa wa macho, mwishoni iko chini, dari linaonekana, chumba kinakubana. Dairekta wetu ukimwambia hayo anakuonyesha ratiba! Halafu nyinyi mnaomwita mtu wa sinema tu, mwaka 2001, akiwa na miaka 76, alirudi televisheni na tamthilia ya 100 Centre Street.