Kibodi ya kaunta irudishiwe waya

HOJA YA WIKI
Na Zuhura Makame

Dirisha la maombi ya mikopo ya elimu ya juu linapofunguliwa, steshenari za mijini hufurika vijana. Huyu anahakiki cheti cha kuzaliwa RITA, yule anajaza fomu ya Bodi ya Mikopo, mwingine anafungua akaunti ya Ajira Portal, na nyuma yao yupo mjasiriamali aliyekuja kuomba namba ya mlipakodi. Kila mmoja anasoma tarakimu 20 za kitambulisho chake cha taifa, anataja namba ya simu, anataja majina ya wazazi, na mwisho linaandikwa neno la siri. Vyote hivyo vinapita kwenye kibodi moja iliyo juu ya kaunta, na siku hizi si ajabu kukuta kibodi hiyo haina waya. Nasema haifai kuwapo pale. Popote panapoandikwa siri za watu wengine, kibodi na mausi viwe vya waya, au viwe vya aina ambayo muuzaji anaweza kuthibitisha kwa maandishi kwamba inaficha kila herufi inayoirusha hewani. Na taasisi za umma, ambazo hununua vifaa kwa wingi na kwa fedha zetu, ziwe za kwanza kuliandika sharti hilo kwenye zabuni.

Tuanze na kinachonunuliwa. Ndani ya boksi mna kibodi, mausi, betri na kipokezi cha USB chenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Kipokezi hicho mara nyingi kimefichwa tumboni mwa mausi, pembeni mwa betri, na asiyeambiwa anaweza kukikosa kabisa akarudisha seti dukani akidhani ni mbovu. Unakitoa, unakichomeka kwenye kompyuta, unachomoa kile kiplastiki kinachozuia betri isiguse chuma, unawasha swichi iliyo chini ya mausi, na kazi inaanza. Hakuna programu ya kupakua wala namba ya kuingiza. Wepesi huo ndio unaoziuza seti hizi, na siubezi. Lakini ulichokiweka mezani ni redio tatu, mbili zinarusha na moja inasikiliza, katika masafa ya gigahezi 2.4, yaleyale yanayotumiwa na Wi-Fi na Bluetooth. Masafa hayo yako wazi kwa kila mtu, na vifaa vya kuyasikilizia vinauzwa kwa bei ndogo. Kila herufi inayobonyezwa inarushwa hewani. Ikiwa imefichwa kwa msimbo ambao ufunguo wake uko kwa kibodi na kipokezi peke yao, msikilizaji wa pembeni ataambulia kelele tupu. Isipofichwa, ataisoma kama ilivyo. Ukiziweka kibodi za aina hizo mbili juu ya meza moja, jicho haliwezi kuzitofautisha.

Ushahidi wa jambo hili haujafichwa popote. Januari 2015, mtafiti wa usalama wa Marekani, Samy Kamkar, alionyesha kifaa alichokiita KeySweeper. Kwa nje kilikuwa chaja ya kawaida ya kuchomeka ukutani. Kwa ndani kilikuwa kinanasa na kusoma herufi za baadhi ya kibodi zisizo na waya za Microsoft zilizotumika karibu yake. Aprili mwaka uliofuata, Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa tahadhari kwa makampuni juu ya kifaa hicho. Kisha Julai 2016 kampuni ya usalama ya Bastille ikatangaza kwamba imepima kibodi za bei ya chini za makampuni kadhaa na kukuta aina fulani, zikiwemo za HP na Toshiba, zinarusha herufi bila kuzificha hata kidogo. Hapakuhitajika kuvunja msimbo wowote, kwa kuwa msimbo haukuwapo.

Hadi hapo msomaji anaweza kusema tatizo ni kibodi, na mausi haina la kuficha, maana haipeleki kitu zaidi ya kusogea na kubofya. Watengenezaji wengi walifikiri hivyohivyo. Waliyaficha mawimbi ya kibodi, wakayaacha ya mausi wazi. Februari 2016, Marc Newlin wa Bastille alionyesha fikra hiyo iliwagharimu nini wateja wao. Vipokezi vya mausi nyingi vilikuwa tayari kupokea, bila kuhoji, ujumbe usiofichwa unaodai kutoka kwenye kibodi. Mtu aliye umbali unaofika mita 100, mwenye kompyuta mpakato na kifaa kidogo cha redio, aliweza kuiandikia kompyuta ya mwenzake kana kwamba ameketi mbele yake: kufungua dirisha la amri, kupakua programu ya wizi, kisha kulifunga dirisha, yote kwa muda mfupi kuliko ule wa mhudumu kugeuka na kuchukua karatasi kwenye printa. Udhaifu huo ulipewa jina la MouseJack, na uligusa vifaa vya Logitech, Microsoft, Dell, HP, Lenovo na wengine. Maana yake ni kwamba steshenari yenye kibodi nzuri ya waya inaweza kuwa imeuacha mlango wazi kwa sababu ya mausi peke yake. Ndiyo maana siwezi kuitetea kibodi halafu nikainyamazia mausi.

Kweli, hatua zilichukuliwa. Aprili 2016 Microsoft ilitoa sasisho la Windows linalochuja ujumbe wa namna hiyo kwa mausi zake, na Logitech ilitoa programu ya kusasisha vipokezi vyake. Lakini kipokezi hakiji na arifa kama simu. Lazima mwenye nacho ajue kwamba kuna kasoro, aitafute programu, aipakue na kuiendesha mwenyewe, na mwenye steshenari aliyenunua seti kwa ajili ya wepesi wake hana sababu ya kufikiri kwamba mausi inahitaji kusasishwa. Baya zaidi, vipokezi vingine programu yake iliwekwa kiwandani mara moja na haibadilishwi tena. Kwa vipokezi hivyo, dawa ni moja tu, kuvichomoa.

Nitaambiwa kwamba wezi wa huku hawahitaji redio. Wanapiga simu wakijifanya watoa huduma, wanatuma ule ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii”, na watu wanawapa namba za siri kwa midomo yao wenyewe. Ni kweli, na sidai kwamba kibodi imewaliza watu wengi kuliko simu. Ila anayepigiwa simu ana nafasi ya kushtuka akakata. Anayesimama kaunta hana nafasi hiyo. Kibodi hakuichagua yeye, hajui kama inaficha anachokiandika, na hata akija kuibiwa hatajua siri ilivujia wapi, kwa sababu kusikiliza mawimbi hakuachi alama yoyote kwenye kompyuta. Kwa hiyo anayeniambia kwamba hajasikia malalamiko hajaniambia chochote kuhusu usalama wa kaunta yake. Na kuhusu umbali, mita 100 kutoka kwenye nyumba ya shambani huenda ni shamba la mwenye nyumba. Mita 100 kutoka kaunta ya Kariakoo ni ghorofa kadhaa za maduka, mama lishe, kijiwe cha bodaboda na mamia ya watu wenye kila haki ya kushinda hapo kutwa nzima na mkoba begani.

Pingamizi lenye uzito zaidi linatoka kwa wataalamu wa kompyuta. Wanasema tovuti za serikali na benki zina ile alama ya kufuli kwenye anwani, kwa hiyo kinachoandikwa kinasafiri kikiwa kimefichwa. Lakini neno la siri lina safari mbili. Ya kwanza haizidi mita moja, kutoka kidoleni hadi ndani ya kompyuta. Ya pili inatoka kwenye kompyuta hadi kwenye seva ya taasisi, pengine mamia ya kilomita. Kufuli lile linalinda safari ya pili tu. Linaanza kufanya kazi herufi zikishafika kwenye kivinjari, na wakati huo zimeshapita hewani. Fedha nyingi na akili nyingi zimetumika kuilinda njia ndefu, na ile mita moja ya mwanzo imeachwa mikononi mwa yeyote aliyetumwa dukani kununua kibodi. Sheria haikuiacha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya na kuchakata taarifa za watu azilinde, na Kenya ina sheria yake tangu mwaka 2019. Hazina haja ya kuitaja kibodi kwa jina. Taarifa inalindwa tangu inapoanza kuandikwa.

Je, Bluetooth? Hapa hali ni afadhali, kwa masharti. Kibodi ya Bluetooth inapounganishwa ipasavyo, kompyuta inaonyesha tarakimu sita kwenye skrini, nawe unaziandika kwenye kibodi hiyohiyo na kubonyeza Enter. Watu huona ni usumbufu. Kumbe ndiyo hatua inayoihakikishia kompyuta kwamba kibodi inayoomba kuunganishwa ni hii iliyo mbele yako, si nyingine iliyo chumba cha pili. Mwaka 2021 Logitech nayo ilileta kipokezi kipya kinachotumia ulinzi wa Bluetooth wa ngazi ya juu, ishara kwamba watengenezaji wenyewe wamekubali somo. Lakini Desemba 2023 Newlin yuleyule alitangaza kwamba simu na kompyuta nyingi, za Android, Linux, macOS na iOS, zingeweza kulaghaiwa zikubali kibodi bandia bila mwenyewe kuridhia. Android 11 na kuendelea zilitengenezewa kinga. Android 10 na za nyuma yake hazikupata. Mwenye simu ya zamani azime Bluetooth asipoitumia, na mwenye kompyuta aruhusu masasisho yaingie.

Sitaki kusomeka kama mtu anayepiga vita vifaa hivi. Mwalimu anayefundisha kwa projekta anahitaji kuzunguka darasani bila kukimbilia mezani kila slaidi inapobadilika. Mtu ambaye mkono wake haufiki mezani anaiweka kibodi mapajani akafanya kazi yake kwa heshima. Nyumbani, waya mmoja usiokatiza njia ya mtoto ni faida. Wote hao waendelee, na wazijue kasoro ndogo za redio hizi ili wasitupe kilicho kizima. Mwaka 2012 Intel ilichapisha maelezo yanayoonyesha kwamba matundu na nyaya za USB 3.0 hutoa kelele katika masafa yaleyale ya gigahezi 2.4. Ukichomeka kipokezi ubavuni mwa diski ya nje ya aina hiyo, mausi huanza kusitasita na kibodi humeza herufi, na fundi asiyejua atakuambia ununue nyingine. Hamishia kipokezi kwenye tundu la upande wa pili, au kichomeke kwenye waya mfupi wa kurefushia kisogee mbali na diski. Nyumbani, herufi iliyomezwa ni kero ya kufuta na kuandika upya. Kaunta, tarakimu moja ikimezwa katika zile 20, ombi la kijana linakwama na yeye ameshapanda gari kurudi kwao.

Wapo watakaosema sharti hili litaongeza gharama. Kwa kawaida kibodi ya waya ni nafuu kuliko isiyo na waya ya ubora uleule, na haili betri. Kinachokosekana ni maandishi tu. Mamlaka ya Serikali Mtandao ndiyo inayoweka viwango vya TEHAMA kwa taasisi za umma, na Wakala wa Huduma za Ununuzi Serikalini ndiyo inayoingia mikataba ya bidhaa zinazotumiwa na taasisi nyingi. Waandike kwamba kompyuta za kaunta, mapokezi, malipo, masjala na maabara zitakuwa na kibodi na mausi za waya. Pale ambapo kazi inalazimu zisizo na waya, mzabuni alete maelezo ya mtengenezaji yanayotaja msimbo unaotumika kuficha mawimbi ya kibodi na ya mausi pia, na yanayoonyesha jinsi kipokezi kinavyosasishwa. Boksi lisilosema lolote kuhusu hayo lisipokelewe ghalani. Mwenye steshenari hahitaji kusubiri waraka wa mtu. Anaweza kubadilisha leo jioni akifunga duka. Seti aliyonayo, kama mtengenezaji ameitolea sasisho na amekwisha kuliweka, aipeleke nyumbani au aiuzie shule kwa ajili ya projekta. Kama ni ya zile zisizosasishika, kipokezi chake kisibaki kimechomekwa kwenye kompyuta yoyote yenye mafaili ya wateja, hata kama mausi yenyewe imeshawekwa kabatini.