Mpagazi Hana Jina?

Wapo wenzetu wanaodai kuwa sanaa ya kisasa ni mchezo wa watu walioshiba huko Ulaya. Eti mtu anasimamisha mbao ukumbini, anaweka spika, basi kaitwa msanii! Sisi wa Nzega yatuhusu nini?

Nasema yatuhusu sana.

Lubaina Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954, akakulia Uingereza. Mwaka 2004, mjini Newcastle, alisimamisha watu 100 wa mbao, waliopakwa rangi, wenye kimo cha binadamu. Ni Waafrika waliotumikishwa katika majumba ya wakubwa wa Ulaya: wapiga ngoma, wafinyanzi, wafundisha mbwa. Huwatazami kwa mbali kama picha ya ukutani. Unapita katikati yao, bega kwa bega. Spika zinakuletea sauti zao: jina langu ni hili, wao waniita lile. Mwaka 2017 mama huyo alipata Tuzo ya Turner.

Sasa tazama kwetu. Mwaka 1858 Speke alitoka Kazeh, ndiyo Tabora, akashika njia ya kaskazini hadi Mwanza. Shuleni tulikariri jina lake tukapata maksi. Mizigo aliibeba nani? Ukimtoa Sidi Mubarak Bombay, hebu nitajie wawili tu. Huwezi. Nami siwezi.

Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru, wakifanya kazi kwa ujira. Majina yao yamepotea vilevile, na sisi waandishi tunayapoteza mara ya pili. Naanza na mimi. Katika riwaya yangu, sura ya pili, niliandika "wapagazi mia moja wakapita", kama mtu anayehesabu magunia ya mpunga. Niliposoma habari za Himid niliona haya, nikaichana.

Mtauliza, majina tutayatoa wapi? Himid aliyabuni. Sisi tuna majina ya babu zetu, tunashindwaje?

Wala msiniambie hatuna vifaa. Cyrus Kabiru wa Nairobi anatengeneza miwani ya sanaa kwa vyuma chakavu. Mbao zipo, mafundi seremala wapo, simu za kurekodi sauti zipo. Siku moja tuwasimamishe wapagazi 100 pale stendi ya Nzega, abiria wa Mwanza apenye katikati yao na begi lake kichwani. Hapo ndipo aniambie kama huo ni mchezo wa Wazungu!

Kabla ya siku hiyo, ndugu mwandishi, anza na mmoja kwenye karatasi. Mpe jina kwanza, ndipo umtwike mzigo.