Saa ya hesabu ibaki

Juzi kwenye kikao cha vijana mtu mmoja alisema saa ya hesabu ya jioni ifutwe. Eti watoto wa kambi watafanya nini na kalkulasi? Wafundishwe kutengeneza sabuni. Wengine wakapiga makofi. Sina ugomvi na sabuni. Nina ugomvi na hiyo "watafanya nini".

Twendeni bombani. Tanki limesimama wima, lina lita 3,600, mabomba yako chini, yote wazi, na linaisha kwa dakika 60. Kila anayeteka anajua: maji yakishuka, msukumo nao unashuka. Hesabu yake ni hii: baada ya dakika t, maji yaliyobaki ni 3,600 − 120t + t².

Sasa ile kanuni ambayo wanafunzi wanaiimba tu: kipeo kinashuka kuzidisha, kisha kinapunguzwa moja. t² inakuwa 2t. 120t inakuwa 120. Na 3,600 inakuwa sifuri, kwa sababu namba isiyobadilika haina kasi. Tunapata −120 + 2t. Hasi maana yake maji yanapungua. Mwanzoni kabisa zinatoka lita 120 kwa dakika, yaani bidoni sita za lita 20. Dakika ya 50 zinatoka lita 20. Bidoni moja!

Ripoti itagawa 3,600 kwa 60 na kuandika wastani wa bidoni tatu kwa dakika. Si uongo. Lakini mama aliye mwisho wa foleni hateki wastani. Akilalamika anaambiwa tanki lilijaa, shida yenu ni fujo. Kijana anayejua kanuni hiyo moja anaweza kusimama aonyeshe fujo inatoka wapi: watu wanasukumana kwa sababu kila dakika ya kuchelewa inapunguza maji.

Ndugu zetu wa mashirika, ripoti zenu zimejaa grafu, na sisi ndo tuko ndani ya hizo grafu. Tuacheni tuzisome.

Na sisi tunaofundisha tuna kosa. Mwanafunzi akijibu "2t" bila kujua ni kasi ya nini, yule wa kikaoni amepata hoja. Tubebe ubao, saa na bidoni, tukapime bombani. Sabuni nayo itafutiwe saa yake.