Bosi, Baki na Keki Yako, Nipe Rosta

Ijumaa moja tukiwa kazini, HR walituletea keki. Keki, puto za kijani, na dada mmoja wa yoga aliyetuambia tufunge macho tupumue polepole. Ilikuwa Siku ya Afya ya Akili. Tulipiga picha, picha zikaenda LinkedIn, na manze, ungetuona ungedhani sisi ndio wasee wenye raha zaidi Nairobi yote.

Jumapili hiyo, saa nne usiku, rosta ya wiki ikaingia kwa grupu ya WhatsApp. Nilikuwa nimepangwa kesho yake saa kumi na moja alfajiri. Hebu piga hesabu. Toa muda wa kuoga, toa wa kungoja mathree Pipeline kukiwa bado giza, halafu uniambie nilale saa ngapi. Na Jumanne nilikuwa na CAT chuo, ambayo nilikuwa nimemwambia supavaiza wiki mbili kabla. Jumanne nikapangwa mchana kutwa.

Ilikuwa kampuni ya kupokea simu za wateja, na sitaitaja. Wateja wetu wengi walikuwa Marekani, kwa hivyo mchana wao ni usiku wetu. Hiyo nilijua nikiingia na sikulalamika. Kazi ya usiku ukiizoea mwili unajipanga. Kilichonimaliza ni kutojua. Leo usiku, kesho alfajiri, keshokutwa "uko off lakini kaa karibu na simu." Kukaa karibu na simu si off, buda. Huwezi kwenda ushago, huwezi kuchukua kazi ya pembeni, huwezi hata kumwahidi mamako kwamba utampeleka kliniki.

Sasa, siku hizi HR wako na mtindo wa kuongea kuhusu afya ya akili. Kila tangazo la kazi linasema "tunajali ustawi wako." Sipingi. Wazazi wetu wakisema wamechoka waliambiwa kuna watu mia nje ya geti wanaitaka hiyo kazi. Angalau sasa neno lenyewe linatamkwa ofisini. Shida yangu ni kwamba ustawi umegeuzwa kuwa kitu cha kuongezwa juu ya kazi, kama krimu juu ya keki, na kazi yenyewe haiguswi. Ukikataa kugusa rosta, hiyo yoga unanipa ya nini?

Na najua bosi atasema nini, kwa sababu niliambiwa usoni: "Hii ni biashara. Wateja hawana ratiba, lazima tubadilike nao." Inaingia akilini kabisa, mpaka uangalie mahali ilipopimwa.

Kuna utafiti ulifanyika Marekani kati ya 2015 na 2016, kwenye maduka 28 ya nguo ya kampuni ya Gap, Chicago na San Francisco. Watafiti walikubaliana na kampuni wajaribu kitu kimoja: kupanga shifti zinazotabirika. Maduka yote 28 yalitoa rosta wiki mbili mapema, na zile shifti za "kaa karibu na simu" zikaondolewa. Halafu baadhi ya maduka yakaenda mbali zaidi. Saa za kuanza na kumaliza zikatulizwa, wafanyakazi wakapewa programu ya kubadilishana shifti wenyewe bila kumbembeleza meneja, na baadhi yao wakahakikishiwa saa zao za wiki.

Matokeo? Yale maduka yaliyoenda mbali zaidi, mauzo yalipanda kwa karibu 7% yakilinganishwa na mengine. Si ati wafanyakazi walifurahi tu, ingawa hata usingizi wao uliboreka. Duka liliuza zaidi. Sababu haihitaji PhD: mtu aliyezoea saa zake na duka lake anajua suruali ipi iko wapi, na hakai akichungulia simu kuona kama kesho yake imebadilishwa.

Lakini kitu kilichonishika zaidi ni hiki. Watafiti walipofuatilia vurugu za ratiba zinatoka wapi, sehemu kubwa haikuwa wateja. Ilikuwa makao makuu. Mzigo umebadilishwa siku ya kufika, ofa imebadilishwa dakika ya mwisho, mkubwa fulani anatembelea duka kesho. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu, nikakumbuka ile Jumapili. Wateja wa Marekani hawakuamka wakaamua kupiga simu tofauti. Msimamizi wetu alichelewa kupanga rosta, basi.

Sitaki kudanganya mtu kwamba Gap ni Nairobi. Huku, ukiondoka kuna foleni ya wasee wa kuchukua kiti chako, na mabosi wanajua. Lakini kumfundisha msee mpya kuna gharama. Pale kwetu mafunzo yalikuwa wiki tatu za kulipwa kabla hujashika simu hata moja. Tuliingia 14 kwa darasa letu. Kufikia mwezi wa sita tulibaki watano. Hizo hela zilizoenda na wale tisa, hakuna mtu aliziweka kwa hesabu ya "biashara."

Na kabla hatujafika kwa mambo makubwa, kuna sheria ambayo watu wengi wa rika letu hawajawahi kuifungua. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema unastahili angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Likizo ya mwaka si chini ya siku 21 za kazi, na malipo. Ukiugua, baada ya miezi miwili kazini, siku saba kwa mshahara kamili na saba nyingine kwa nusu, ukileta karatasi ya daktari. Tena saa zako za kazi zinafaa kuandikwa kwenye mkataba. Enda usome wako leo. Wangu ulikuwa umeandikwa "kulingana na mahitaji ya kampuni," na mimi nikaweka sahihi kwa sababu rent ilikuwa inaningoja.

Niliacha hiyo kazi. Si kwa ujasiri wowote, nilikuwa nimefeli ile CAT na karo haingeweza kulipwa mara mbili.

Juzi nilikuwa intavyuu kwingine. Mwisho wakauliza kama niko na swali. Zamani ningeuliza mshahara, au ningenyamaza nionekane mpole. Nikamuuliza yule mama wa HR: "Rosta yenu hutoka siku gani?" Alinyamaza kidogo, akamwangalia mwenzake, akasema hajawahi kuulizwa hivyo. Halafu akajibu: "Alhamisi. Ya wiki mbili zinazokuja."

Naanza Jumatatu. Tayari najua nitatoka saa ngapi.