Makombe ya Ziwani na Mayai ya Kuku Wetu

Wengi wetu tukaao katika kambi za askari na nyumba za polisi hufuga kuku wachache uani, ili watoto wapate mayai na mama apate fedha za chumvi na sabuni. Malalamiko yasikikayo mara kwa mara ni haya: kuku ataga yai lenye ganda jembamba kama karatasi, au yai laini lisilo na ganda kabisa, baadaye huchechemea, na mwishowe hula mayai yake mwenyewe. Mwenye kuku hulaumu kijicho cha jirani, ilhali dawa imelala bure ufukoni mwa Ziwa Victoria.

Dawa hiyo ni makombe, yaani maganda matupu ya konokono na kome. Karibu asilimia 95 ya kombe ni chokaa, na asilimia 40 ya chokaa hiyo ni kalsiamu, madini yajengayo mifupa. Ganda la yai moja lina takriban gramu 2 za kalsiamu. Lakini kuku atagaye huhitaji kama gramu 4 kwa siku, kwa kuwa si yote alayo yaingiayo mwilini. Pumba za mahindi haziwezi kumtosheleza, basi huikopa katika mifupa yake.

Okoteni makombe makavu yaliyopaushwa na jua. Msiingie majini kuwafuata konokono walio hai, kwa maana baadhi yao hubeba vijidudu vya kichocho, na askari arudiye nyumbani na kichocho kwa ajili ya chokaa ya kuku amefanya biashara mbaya. Yaosheni, yachemsheni dakika kumi, yaanikeni, kisha yapondeni kwa jiwe huku mmejifunga kitambaa puani, kwani vumbi lake hudhuru mapafu. Msiyachome katika tanuri: moto mkali huyageuza kuwa chokaa kali iunguzayo macho na kinywa, nayo ni kazi ya waashi.

Wala msisage hadi kupata unga. Sehemu kubwa ya ganda la yai hujengwa usiku, kuku akiwa amelala. Vipande vyenye ukubwa wa chenga za mchele hukaa katika firigisi na kuyeyuka polepole mpaka alfajiri. Wekeni jioni katika kopo la peke yake, kama gramu 100 kwa kuku kumi watagao, nao watadonoa wanachohitaji. Vifaranga wasipewe, maana kalsiamu nyingi huharibu figo zao. Anayenunua chakula cha dukani cha kuku wa mayai ajue kwamba madini hayo yamekwisha kutiwa.

Sasa wako wanaosema kwamba kimfaacho kuku chamfaa pia mtoto mwenye matege, au mama mjamzito. Ni kweli kwamba vipo vidonge vitengenezwavyo kwa makombe ya chaza. Ni kweli pia kwamba tangu 2013 Shirika la Afya Duniani limependekeza gramu 1.5 hadi 2 za kalsiamu kwa siku kwa wajawazito wa mahali penye upungufu wake katika chakula, ili kuzuia kifafa cha mimba. Lakini kidonge cha kiwandani hupaswa kupimwa kwanza madini ya risasi, ndiyo hiyo hiyo ya kutengenezea risasi za bunduki, ambayo kombe laweza kuinyonya majini. Risasi hiyo haionekani, haina harufu, haiondoki kwa kuchemshwa, nayo hudumaza akili ya mtoto. Katika kinu cha nyumbani hakuna kipimo chake.

Kwa hiyo unga wa makombe usitiwe katika uji wa mtu yeyote. Mama mjamzito aulize vidonge kliniki, na mtoto mwenye matege apelekwe zahanati. Mezani tunao mukene, samaki mdogo aliwaye mzima pamoja na mifupa yake. Kalsiamu imo humo, na mtoto achezaye juani huweza kuitumia vyema.